Taa ipo darini, mche upo sakafuni

"Naishi Tanga mjini, Ngamiani, ghorofa ya pili. Nimesia mbegu za nyanya aina ya Tanya na pilipili hoho kwenye trei mbili, nikaziweka sakafuni chumba cha stoo, kwa sababu chini uani kuku wa jirani hawaniachii kitu, na masika ya mwaka jana mvua ilinifukulia mbegu zote. Stoo ina taa mbili za tyubu darini, naziacha zinawaka usiku na mchana. Mbegu zimeota vizuri, lakini wiki moja na nusu tu miche imekuwa mirefu kama uzi, shingo nyeupe, na yote imeegemea upande wa kidirisha. Jirani anasema ninunue zile taa za zambarau zinazouzwa mtandaoni. Fundi anasema tyubu ukiishusha karibu inaunguza majani. Mume wangu analalamikia LUKU. Roshani tunayo, inatazama mashariki, ila ni ya kuanikia nguo. Taa iwe umbali gani, na ni kweli tyubu za kawaida hazikuzi miche?"

Dada yangu, nianze na la haraka maana miche haina subira. Leo hii hakikisha kati ya tyubu na ncha za miche imebaki nafasi ya sentimita 5 hadi 10 tu, yaani upana wa vidole vitatu mpaka kiganja. Usiku uzime taa. Tyubu za kawaida zinakuza miche vizuri kabisa, na kwa umbali huo haziunguzi kitu. Sasa tukae tuzungumze kwa nini, kwa sababu ukishaelewa kinachotokea humo stoo hutahitaji kumuuliza mtu tena kila msimu.

Kosa lako ni la jicho. Ukiingia stoo usiku ukabonyeza swichi, unaona chumba cheupe, unaweza kusoma hata maandishi madogo ya kwenye pakiti ya mbegu. Unasema mwanga upo wa kutosha. Lakini jicho la binadamu ni jepesi kuzoea: gizani linafunguka, juani linajibana, na tofauti ya mara mia kwake ni jambo dogo. Jani halina uwezo huo. Jani linahesabu mwanga kama duka linavyohesabu mauzo, linapata au halipati.

Tuweke namba. Mwanga unaofika mahali hupimwa kwa luksi. Jua la saa sita mchana hapa kwetu, bila wingu, ni kama luksi 100,000. Kivuli cha wazi, kwa mfano barazani mchana mahali ambapo anga inaonekana lakini jua halikupigi, ni luksi 10,000 au zaidi. Sasa chukua tyubu yako ya futi nne, ile ya wati 36. Ikiwa darini na trei iko sakafuni mita mbili na nusu chini yake, kwa hesabu yangu tyubu moja inaufikishia mche luksi 50 hivi. Mbili ni 100. Ongeza unaorudi kutoka ukutani, bado haufiki 200. Mche wa nyanya unaotaka maelfu unapewa 200 halafu tunashangaa umekonda.

Tyubu hiyo hiyo ukiishusha mpaka sentimita 30, mche unapata luksi 1,500. Sentimita 10, unapata 4,500. Sentimita 5, unapata 9,000. Taa ni ile ile, bili ya umeme ni ile ile. Na hapa nirekebishe jambo ambalo hata wataalamu wenzangu hulisema kwa mazoea: kwamba ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Hiyo ni kanuni ya balbu, au ya taa iliyo mbali. Tyubu ni ndefu, na ukiwa karibu nayo mwanga unakujia kutoka urefu wake wote, kwa hiyo ukizidisha umbali mara mbili unapoteza nusu, si robo tatu. Ndiyo maana tyubu inasamehe kidogo: mche mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake kwa sentimita moja mbili, hakuna anayekufa njaa. Lakini haisamehi mita mbili na nusu.

Kwa nini basi mche usidumae tu, kwa nini urefuke? Kwa sababu kwa akili ya mche, giza maana yake ni kwamba umefunikwa, na mbegu imebeba akiba ndogo ya chakula. Mche unafanya uamuzi wa mtu aliyeanguka kisimani: hauli, haunenepi, unapanda. Akiba yote inakwenda kwenye kurefusha shina, majani yanabaki madogo, na ngozi ya shina inabaki laini. Kidirisha nacho kimeutia tamaa, upande ule kuna mwanga kidogo zaidi, ukauelekea. Halafu sisi wa pwani tuna la ziada linalotuharibia. Joto. Stoo iliyofungwa Tanga inaweza kukaa nyuzi 30 usiku na mchana, na joto linauharakisha mche kukua bila kuuongezea chakula. Vitabu vingi vya kuotesha ndani vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaoshauri hata kutandika kijamvi cha umeme chini ya trei ili mbegu zipate joto. Wewe hilo lipite tu. Shida yetu ni kwamba katika joto hili mche unaonyimwa mwanga unaharibika kwa siku mbili tatu, wakati wa kwenye baridi ungevumilia wiki.

Kabla hujashusha taa, inama uangalie shingo za miche, pale shina linapotoka kwenye udongo. Ikiwa ni nyeupe au kijani hafifu, na ukiibana kidogo kwa kucha unaona ni ngumu, basi ni njaa ya mwanga. Ikiwa imegeuka kahawia, imelowa, imebonyea kama iliyofungwa kamba, na mche umelala kwenye udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu, na taa haitauponya. Stoo isiyopitisha hewa na trei inayomwagiliwa kila saa ndiyo nyumba yake. Iliyopata kinyausi ng'oa na udongo wake utupe, acha juu ya udongo pakauke kabla ya kumwagilia tena, na washa feni pole pole ielekee ukutani hewa izunguke. Feni ina faida nyingine: mche unaotikiswa unakuwa mfupi na mnene wa shina. Ukikosa feni, pitisha kiganja juu ya miche mara chache kwa siku, kama unavyompapasa mtoto kichwani. Inasikika kama mzaha, lakini inafanya kazi.

Fundi wako simlaumu. Nadhani ana kumbukumbu ya zile balbu za zamani za waya, ambazo karibu umeme wote uligeuka joto, na kweli zilikuwa zinaunguza jani lililo karibu. Kioo cha tyubu katikati yake kina joto la kama nyuzi 40, unaweza kukishika. Ncha zake mbili, penye waya ndani, ndizo zina moto zaidi. Jani likigusa kioo kwa siku nzima litapata doa la kahawia, basi. Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa kinyume na la moto. Msimu wangu wa kwanza nilining'iniza tyubu mita moja juu ya trei sita za hoho, ili niweze kuingiza kichwa nitazame vizuri. Nilitazama vizuri kweli. Nilitazama hoho za trei sita nzima zikilala kifudifudi, na nikasia upya.

Kuhusu taa za zambarau: hazina ubaya, ila kwa mche wa wiki nne hazina sababu. Tyubu nyeupe ina bluu ya kutosha, na bluu ndiyo inayouzuia mche kurefuka. Ukinunua tyubu mpya soma namba tatu zilizoandikwa kwenye ncha. Ikiwa 865, hiyo 65 ina maana ni mwanga mweupe wa mchana, mzuri. 840 ni nyeupe tulivu, nzuri pia. 830 ni ya manjano manjano ya sebuleni; itafanya kazi, ila miche itakuwa mirefu kidogo. Na angalia usiuziwe jina. Siku hizi tyubu nyingi madukani ni za LED, mgongo wake ni plastiki au bati na inawaka upande mmoja tu. Nazo zinafaa, tena zinakula umeme nusu, na umbali ni ule ule. Lakini kuiweka kwenye fremu yenye choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu ya zamani, si kazi ya kujaribu jaribu, mwite fundi abadilishe waya.

Jambo la kuacha taa usiku na mchana. Najua ulitaka kufidia. Ila luksi 200 kwa saa 24 bado ni njaa, ni kama kumlisha mtu kijiko kimoja kila saa. Na ukishashusha taa, saa 24 zitageuka sumu: nyanya ni mmoja wa mimea isiyovumilia mwanga usiokatika, majani yake yanapata manjano na kudumaa. Toa saa 14 hadi 16 za mwanga, kisha giza. Washa saa kumi na mbili asubuhi, zima saa tatu usiku. Taima ya kwenye soketi ni raha, lakini swichi na mtu anayekumbuka vinatosha. Umeme ukikatika saa tatu nne usihangaike. Mche haufi kwa hilo.

Hapo LUKU inaingia. Tyubu mbili pamoja na choki zake ni kama wati 90. Kwa saa 24 unakula uniti 65 kwa mwezi. Kwa saa 15 ni uniti 40. Mwambie mzee wa nyumba nimempunguzia 25. Lakini mwambie na hili pia: kama nyumba yenu iko kwenye daraja la watumiaji wadogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo 40 za miche zinaweza kuwasukuma nje ya daraja, na nje ya daraja bei ya uniti moja inapanda sana. Miche michache ya nyanya haistahili hasara hiyo. Nitalirudia nikifika kwenye roshani.

Namna ya kuipanga. Huna haja ya kubomoa dari. Nunua fremu ya tyubu mbili, au mwambie fundi aiteremshe hiyo iliyopo na kuiwekea waya mrefu wenye plagi, kisha itundike kwa minyororo myembamba miwili na kulabu. Tanga tunaringia kamba ya katani, lakini hapa mnyororo ndio mtu wake: unapandisha taa pete moja moja kadiri miche inavyokua, na fremu inabaki sawa bila upande mmoja kuinama. Kama huwezi kusogeza taa, sogeza miche. Panga taa kimo kisichobadilika juu ya meza, weka trei juu ya matofali au makasha ya soda, na kila miche ikipanda toa tofali moja. Mimi naipenda njia hii kuliko mnyororo, sijui kwa nini watu wanaidharau.

Trei ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 54. Tyubu ya futi nne ni sentimita 120. Kwa hiyo trei zako mbili zikipangwa zikifuatana kwa urefu zinaingia chini ya tyubu barabara, na tyubu mbili zilizoachana sentimita 10 zinafunika upana wake. Ukikaa nazo kwa umbali niliokwambia, katikati utapata luksi 7,000 hadi 10,000. Zinatosha mche. Hazitoshi nyanya kuzaa, kwa hiyo usiwe na ndoto za kuvuna stoo. Ncha za tyubu zina mwanga hafifu kuliko katikati, na hasa zile zilizopiga weusi. Basi kila baada ya siku mbili geuza trei, ya kulia ije kushoto na mwisho wake uje kati. Juu ya fremu weka kitu cheupe kirudishe mwanga chini, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe ni nzuri. Karatasi ya alumini ya jikoni nawakataza: inapitisha umeme, na ikiangukia kwenye pini za tyubu umejiletea msiba. Futa vumbi. Na hewa yetu ya chumvi inakula pini, zinaota ukijani, taa inaanza kupepesa. Zima, chomoa, sugua pini kwa kitambaa kikavu.

Maji na umeme, dada, hili halina utani. Kila unapomwagilia chomoa plagi kwanza. Bora zaidi weka trei ndani ya beseni lenye maji sentimita mbili, inyonye kutoka chini robo saa, kisha itoe ichuruzike mbali na taa. Ekstensheni isilale sakafuni.

Sasa roshani yako, ambayo umeitaja mwishoni kama jambo la kupita, na mimi nimeisubiri tangu nianze kuandika. Tanga iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, unapungua au kuongezeka kwa dakika chache tu. Watu wanaootesha ndani kwa taa huko Ulaya wanafanya hivyo kwa sababu mwezi Februari nje kuna barafu na jua linazama mapema. Wewe nje kwako, kivulini, bure, kuna mwanga sawa na wa tyubu zako mbili au zaidi. Roshani ya mashariki inapata jua la asubuhi, lile la upole, halafu kivuli cha wazi mchana kutwa. Kuku hapandi ghorofa ya pili. Mvua inazuiwa na paa la roshani, na ikija ya upepo sogeza trei ndani saa hiyo. Kama nguo ndizo zinazobishana na miche, omba sehemu ya ukingo tu. Trei mbili hazichukui hata mita moja na nusu.

Angalizo moja, kwa sababu najua kuna atakayesoma haya na kupeleka miche chini ya mwembe. Kivuli cha ukuta na kivuli cha majani si kitu kimoja. Jani la mwembe linakula nyekundu na bluu na kupitisha ile nyekundu ya mbali ambayo macho yetu hayaioni vizuri, na mche ukiipata hiyo unajua juu yangu kuna mti, nirefuke. Unaweza kuwa na mwanga mwingi chini ya mwembe na bado miche ikakonda. Tyubu kinyume chake, hiyo nyekundu ya mbali inayo kidogo sana, na ndiyo sababu miche ya tyubu iliyo karibu hutoka mifupi, imekaza.

Kwa hiyo uamuzi wangu, kama ningekuwa mimi: tyubu kwa siku kumi za kwanza baada ya kuota, wakati mvua ya masika inapiga na miche ni midogo, halafu roshani. Anza na saa mbili za jua la asubuhi, ongeza saa moja kila siku, ndani ya wiki iwe inashinda nje. Ukiitoa stoo na kuiweka juani siku moja, majani yatababuka meupe kama karatasi. Nje kuna nzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa jani, na ndio wanaoleta ugonjwa wa nyanya kujikunja majani na kugeuka manjano. Chandarua cha mbu kitazuia ndege na vipepeo, lakini nzi weupe wanapenya matundu yake. Kagua chini ya majani kila asubuhi.

Miche uliyonayo sasa. Shina lililorefuka halifupiki tena, usisubiri. Nyanya utaziokoa: zikishatoa majani mawili halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kuotea, zihamishie kwenye vikopo na ufukie shina mpaka karibu na yale mawili ya kuotea, maana nyanya hutoa mizizi kwenye shina lililozikwa. Shika jani, usishike shina. Hoho hazina kipaji hicho kwa kiasi cha kutegemea; kama zimelala, sia upya, na safari hii taa iwe tayari imeshushwa kabla ya kuota. Mbegu ya nyanya na hoho haihitaji mwanga kuota. Inauhitaji siku ile ile kishingo cha kwanza kinapochungulia udongo, na siku hiyo ndiyo wengi tunachelewa.

Fundi umeme mwenye kazi ya uhakika umwite kama tyubu inanguruma, inanuka, au ukigusa fremu unahisi mtetemo mkononi; usishike tena mpaka aje. Tyubu ikivunjika fungua madirisha, toa watoto, kusanya vipande kwa karatasi ngumu wala si kwa fagio, kwa sababu ndani mna zebaki kidogo. Ndiyo maana nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba tyubu hizi zisitengenezwe wala kuingizwa tena baada ya 2027, basi ukitaka kununua fremu mpya leo nunua ya LED moja kwa moja. Na kama miche imeshushiwa taa siku tano na bado majani mapya yanatoka ya manjano au yamejikunja, hapo si mwanga. Chukua mche mmoja na udongo wake kwenye kopo, mpelekee afisa ugani wa kata yako auone kwa macho, kwa sababu picha ya simu iliyopigwa chini ya tyubu inabadilisha rangi ya majani na itatudanganya wote wawili.